Kijiji Kilichokimbia Nyuma Yangu

Nikiingia hoteli yoyote hapa Garsen kunywa chai, lazima mtu mmoja aniulize maji yamefika wapi, na wenzake wacheke mpaka waweke vikombe chini, kwa hiyo afadhali niwasimulie mwenyewe kuliko mkasikie kwa watu wanaotia chumvi (kuna mmoja anaapa kwamba nilikuwa napiga firimbi, jambo ambalo ni uongo mtupu). Ndiyo, ni mimi, Komora wa duka la dawa za mifugo. Ni mimi niliyehamisha kijiji kizima jioni moja bila kutamka neno, na aibu yake bado ninayo.

Mnakumbuka tulikuwa na kikundi chetu cha kukimbia. Hakikuwa na jina wala fulana za sare. Tulikuwa wanne tu, mimi na Hawayu muuguzi, ambaye ndiye aliyetuanzisha baada ya kunipima presha na kuninunia, na Guyo dalali wa ng'ombe, na Mwalimu Jillo pamoja na tumbo lake. Jua likipoa tulitoka mjini tukafuata lami mpaka darajani tukarudi. Nasema tulikimbia, lakini Mwalimu Jillo hawezi kumaliza hadithi akiwa mbioni, kwa hiyo kila hadithi ikifika pahali patamu anasimama, na wewe utaenda wapi na mwisho hujausikia? Guyo akiona ng'ombe wanapita lazima asimame awatazame miguu na kuuliza ni wa nani. Hawayu naye kila akianza kushika kasi anaitwa na mama ambaye mtoto wake anakohoa. Tulikuwa tunarudi mjini tumecheka kuliko tulivyokimbia, na usiku nilikuwa nalala fofofo.

Kisha nikanunua saa.

Saa yenyewe ni ya kufunga mkononi, inajua unakwenda kasi gani, na ukipunguza mwendo inalia. Basi ilikuwa inalia tangu tunatoka mpaka tunarudi, inalia Guyo akikagua kwato, inalia katikati ya hadithi, na badala ya kuona kwamba tatizo ni saa, mimi nikaanza kuona kwamba tatizo ni watu. Jioni moja nikawaambia, kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nzito, kwamba kuanzia kesho nitakimbia peke yangu kwa sababu nataka kufanya mazoezi ya kweli.

Hawayu akanitazama. "Kwani sisi tunafanya ya uongo?"

Nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Na kweli, peke yangu kasi iliongezeka, saa ikanyamaza, ikawa hata inanipongeza kwa vinyota. Lakini nisiwafiche, sikuwa na raha. Njia ile ile niliyokuwa naimaliza bila kujua sasa ilikuwa haiishi, nikawa naziba masikio kwa zile spika ndogo za simu ili nisisikie ninavyohema. Nikimaliza nilikuwa nasimama barabarani na vinyota vyangu na hakuna wa kumwonyesha.

Siku ya mkasa nilitoka dukani nikawaona wenzangu kwa mbali wakianza safari, Mwalimu Jillo tayari ananyoosha mikono kueleza jambo. Nikifuata lami nitawakuta, na nikiwakuta nitasema nini? Haya zikanishika. Nikaamua nishuke kwenye tuta la mto upande wa kuelekea Golbanti, nipite katikati ya kijiji kimoja hapo (jina sitaji, bado nawauzia dawa ya kuku), halafu nipande lami nikitokea upande wa pili. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo tu.

Sasa, ilikuwa miezi ya mvua. Kwetu kulikuwa bado kukavu, vumbi mpaka puani, lakini redio ilikuwa imetangaza kwamba huko bara mvua ni kubwa na mabwawa yamejaa, na mnaijua Tana, inanyeshewa kwingine halafu inakuja kutumaliza sisi. Watu wa kijiji kile walikuwa wameshafunga vitu vyao, wamepandisha mchele darini, wanalala viatu vikiwa mlangoni, wanangoja neno. Mimi redio nilikuwa nimeisikia vizuri sana, kisha nikaendelea kupanga dawa za kupe.

Na kuna habari ya salamu. Kwenye vijiji vya mto hupiti nyumba ya mtu hivi hivi. Unasimama, unauliza ya nyumbani, ya shambani, ya yule mgonjwa, unaulizwa na wewe, ndipo unaondoka. Mtu akipita bila salamu basi ama mmekosana, ama ana habari mbaya isiyoweza kungoja.

Nyumba ya kwanza ukishuka kutoka kwenye tuta ni ya Nyanya Hadhara. Ni mteja wangu, ana kuku anaowajua kwa tabia, na nikipita kwake huwa ananieleza hali ya kila mmoja. Siku hiyo alikuwa amekaa mlangoni na ungo wake, anapepeta mchele. Aliponiona akaweka ungo chini ili tusalimiane. Nikaitazama saa. Vinyota vilikuwa karibu kabisa, na salamu za Nyanya Hadhara si za dakika. Basi mimi, mtu mzima mwenye mama yangu mzazi, nikainua mkono, nikaupunga kuelekea mbele, nikapita kama mshale.

Jiwekeni mahali pake. Mtu unayemfahamu anatokea upande wa mto, jasho linamtiririka, macho yamemtoka, hasemi, hasimami, anapunga mkono kuelekea lami, na lami ndipo pahali pa juu ambapo mlikaa chini ya maturubai mafuriko yaliyopita.

Mimi hayo yote sikuyajua. Masikio yalikuwa yamezibwa, muziki unapiga. Nikapita nyumba ya pili nikapunga mkono, ya tatu nikapunga, nikijiona nina adabu sana. Niliona watu wanasimama, nikadhani wanastaajabia mwendo wangu (Mungu anisamehe). Ni pale njia inapopinda kwenye migomba ndipo niligeuza shingo kidogo, na nusura nianguke, maana nyuma yangu kulikuwa na watu, watu wengi, wanakuja mbio na magodoro, na masufuria, na mbuzi, na mama mmoja na beseni la unga kichwani, wote wanakuja upande wangu.

Mtu akiona kijiji kinakimbia anauliza nini? Anauliza kinakimbizwa na nini. Mimi nikajua ni nyati. Nyati huwa wanatoka vichakani kule wakaingia mashambani, na kabla sijawaacha wenzangu Guyo alikuwa ametusimulia habari za mmoja. Nikasema mguu niponye. Nikatimua mbio ambazo sijawahi kukimbia maishani, na wao walivyoona nimetazama nyuma upande wa mto kisha nimeongeza kasi, wakajua maji yako karibu, nao wakaongeza. Nikitazama nyuma wanakaza, wakikaza nami nakaza. Saa ilikuwa inanimwagia vinyota.

Cha kunivunja moyo zaidi, walinipita. Kijana mwenye godoro kichwani alinipita. Mama wa beseni alinipita, na unga haukumwagika. Mzee wa kijiji aliponifikia nikachomoa spika masikioni, nikamuuliza huku nahema, "Mzee, ni nini?"

Akanitazama bila kupunguza mwendo. "Si wewe ndiye unajua?"

Tulipanda lami sote pamoja. Watu wakaanza kuhesabu watoto, wengine wanalia, mbuzi wanalia, magari ya Malindi yanapiga honi yakituomba njia, na mimi nimeinama nimeshika magoti. Halafu nilipoinua kichwa nikakuta wamenizunguka wananingoja niseme. Mzee wa kijiji akauliza mto umepasua wapi. Nikatazama chini kwenye mashamba. Palikuwa pakavu. Ng'ombe wa watu walikuwa wanakula tu bila wasiwasi.

Na hapo ndipo wakatokea wenzangu kwa mwendo wao ule ule, Mwalimu Jillo katikati ya hadithi. Wakasimama. Kwa hiyo jibu langu walilisikia wote, kijiji chote na watu wote niliokuwa nawakimbia.

"Nilikuwa nafanya mazoezi," nikasema.

Kuna mtu nyuma hakusikia, ikabidi nirudie. Akauliza mazoezi ya nini, na hilo sikuweza kulijibu mbele ya mama mwenye beseni kichwani. Guyo ndiye aliyeanza, alijitahidi kujizuia, midomo ikamshinda, na akishacheka Guyo huwezi kukaza uso. Kicheko kikapita kwa watu wote, hata wale waliokuwa wakilia wakacheka na machozi yao. Nami nikajikuta nacheka. Nikadhani yameisha.

Yalikuwa hayajaisha kwa sababu Nyanya Hadhara alikuwa ndiyo kwanza anafika. Alikuja wa mwisho, amebana kuku mmoja kwapani, kiatu kimoja mguuni, goti limechubuka linatoka damu. Watu wakampisha. Hawayu akachuchumaa akaanza kulifunga goti kwa leso yake. Nyanya akaelezwa. Hakucheka, wala hakunitukana, na ningependelea anitukane.

"Mwaka ule maji yalinikuta ndani," akasema. "Nilitolewa kwa dirisha. Nikajiapiza, nikiona mtu amekuja mbio, sitauliza, nitatoka. Leo nimetoka, kwa sababu ni wewe, nakujua. Sasa siku mto ukija kweli, mimi nitakaa hapo ndani. Sikimbii tena kwa sababu ya mtu."

Kicheko kilikufa pale pale. Kila mtu alijua hatanii, na kila mtu alijua nyumba yake ndiyo ya kwanza kutoka mtoni. Mimi nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nilikuwa nimemchukulia kitu ambacho duka langu lote haliwezi kukirudisha, na nilikuwa nimekichukua ili nisipoteze vinyota.

Tulirudisha kijiji nyumbani. Wenzangu hawakuombwa, walijitwika tu. Nilibeba godoro, Guyo akaswaga mbuzi, Mwalimu Jillo alipewa masufuria, na njiani, sijui alianzaje, akaendelea na hadithi aliyokuwa ameikatiza barabarani, na ilipofika pahali patamu akasimama, na sote tukasimama na mizigo yetu kichwani. Saa ikalia. Nikaifungua nikaitia mfukoni. Ilikuwa zamani sijasikia mwisho wa hadithi, na nilisikia uchungu wa kweli nilipofikiria ni ngapi zilizonipita.

Mzee wa kijiji alisema nisikanyage tena pale nikiwa mbioni. Hawayu ndiye aliyeniombea, akasema afadhali tuwe tunapita wote wanne kila jioni, watu watuzoee. Wakakubaliana hivi: wakiona wengi wanaopiga soga, hayo ni mazoezi, waendelee na kazi zao. Wakiona mmoja, yuko peke yake na hasemi, wachukue watoto na godoro. Kwa hiyo mimi ni mkimbiaji pekee Tana River aliyekatazwa kukimbia bila mashahidi.

Tumekuwa tukipita tangu hapo. Siku hizi kuna vijana wa kijiji wanaotufuata, na mama wa beseni hutoka naye akiwa amejifunga leso kiunoni, na anatupita sote huku anazungumza. Tunasimama kwa kila nyumba tukasalimiana. Saa nilimpa Mwalimu Jillo, anaitumia kuamkia. Mwendo wangu sijui ni wa kasi gani, na narudi nyumbani mbavu zikiniuma kwa kucheka. Nyanya Hadhara tu ndiye aliyekuwa mgumu. Tukifika kwake anamwamkia kila mmoja kwa jina, anamwambia Hawayu goti limepona, anamweleza Guyo habari za kuku. Mimi nikimwamkia, anapepeta mchele.

Sasa juzi. Tulikuwa tunashuka kwenye tuta na kamba ya kiatu changu ikafunguka, nikainama kuifunga, wenzangu hawakuona wakaendelea. Nilipoinuka wameshapinda kwenye migomba. Nikaanza kukimbia kuwafuata, nimekaza mwendo, kimya, nikawa nimeshaipita kona ya nyumba ya Nyanya Hadhara kabla sijakumbuka kwamba niko peke yangu na sisemi.

Ungo ulikuwa chini. Alikuwa amesimama mlangoni, viatu vyote viwili miguuni, kuku kwapani, kichwa kimeelekea lami.

Nilisimama ghafla mpaka nikateleza. Niliogopa, kisha nikaelewa ninachokiona, na nisiwafiche, machozi yalinilengalenga. Yule aliyesema hatatoka alikuwa ametoka. Na alikuwa ametoka kwa sababu yangu, mimi yule yule.

"Nyanya, hakuna kitu," nikasema. "Wenzangu wako mbele. Kamba ya kiatu tu."

Alinitazama sana, akakitazama kiatu changu, akainama polepole akamwachia kuku wake chini. Nikamwamkia. Akaitikia. Nikamuuliza ya nyumbani, ya shambani, ya goti, kisha nikaanza kuulizia kuku mmoja mmoja, naye akanijibu kila mmoja, mpaka sauti za wenzangu zikaanza kusikika zikirudi kunitafuta.

"Haya, wafuate," akaniambia. "Na usiachwe tena, Komora. Mimi miguu yangu si ya kila siku."

Siachwi tena. Kamba nafunga mafundo mawili.