Chupa Iliyochemshwa Mara ya Pili

Mama mkwe wangu hakunipenda, nami sikujisumbua kumbembeleza. Tuliishi kama paka na panya. Mwanangu alizaliwa na damu isiyoganda, na daktari aliposema ugonjwa huo hurithiwa kwa mama, yule mama domokaya alitangazia kijiji kizima cha Muthara kwamba alimkataza mwanawe kuoa kwetu.

Hospitali ya mjini ilitupa chupa moja ya dawa ya kugandisha damu, tuiweke kwa friji kwa ajili ya dharura. Ni unga mweupe uliotengenezwa kwa plazma, yale maji ya manjano ya damu ya watu. Muuguzi alinisihi niwaeleze vizuri watu wa nyumbani. Nilimweleza mama mkwe nikiwa nimempa mgongo: imetoka kwa damu ya watu, lakini imepashwa moto kiwandani, virusi vikafa.

"Nani aliona ikipashwa?"

Sikumjibu. Nijibizane naye kwani nina wazimu?

Jumamosi moja mtoto aliteleza uani, goti likaanza kuvimba. Nikakimbilia friji. Chupa hakuna! Niliikuta jikoni, inatokota ndani ya sufuria, lebo imebanduka inaelea.

"Umefanya nini, mama?"

"Maziwa ya pakiti pia yamechemshwa kiwandani," akasema, "na hakuna nyumba hapa inayoyanywa bila kuyachemsha tena. Sembuse damu?"

Hospitalini muuguzi aliikataa. Moto wa kiwandani hupimwa, joto lake na muda wake. Ukizidi, unaua virusi na dawa yenyewe. Chupa nyingine ilifika kutoka Nairobi siku ya tatu. Goti la mwanangu halinyooki mpaka leo.

Siku ile ile chupa ilipokataliwa, kwenye benchi la hospitali, nilimtukana mama mkwe mbele za watu. Nilimwita mchawi. Nilitaka alie, na hakulia.

"Kifungua mimba wangu aliongezwa damu baada ya ajali," akasema, "enzi zile haipimwi. Ikamtia virusi. Nilimuosha kwa mikono hii mpaka akafa."

Nilikuwa najua. Mume wangu alinisimulia kabla hatujaoana. Siku aliyouliza nani aliona ikipashwa, nilijua vizuri anauliza nini. Nilinyamaza kwa sababu nilifurahi kumwona anaogopa.