Depo ya Kahawa Aliyoigeuza Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipopewa kazi ya kugeuza depo, ghala la zamani la kahawa kule mtaani Birere, iwe maktaba ya chuo chetu, nilimpongeza kwa mdomo. Moyoni niliwaka.

Mimi ndiye niliyekuwa nikitunza vitabu vya chuo, katika chumba cha mbao huko mtaani Katoyi. Mvua ikinyesha, nilivihamisha kwa mikono yangu kutoka pembe moja hadi nyingine. Yeye wakati huo alikuwa Kinshasa, akisomea kuchora majengo. Alirudi na kofia ya plastiki kichwani, na kila mtu akamwita enjenia.

Alifikia kwetu, katika nyumba ninayoishi na mama. Ujanani mama alichambua kahawa katika depo ile. Hilo nililijua, lakini zaidi ya hapo nilijua kidogo sana. Asubuhi nyingi wawili hao walipanda pikipiki moja wakaenda kuangalia kazi, wakaniacha nikiosha vikombe vyao.

Siku ya ufunguzi niliingia pamoja na wageni. Kuta za mawe meusi ya volkano zilikuwa zimesafishwa. Paa lilikuwa limetiwa vioo, na mwanga ulishuka mpaka kwenye meza. Palikuwa pazuri, na uzuri wenyewe ndio ulioniuma. Karibu na mlango mdogo wangu alikuwa ameacha kipande cha simenti ya zamani, kilicholika hadi kung'aa.

"Hapa wamama walikaa wakichambua kahawa," aliwaeleza wageni. "Mama yangu alikaa huku mlangoni, sababu vumbi lilimsumbua kifua."

Alisema "mama yangu", si "mama yetu"! Nami nilikuwa nimesimama ubavuni pake.

Mkuu wa chuo akamwomba mama asogee mbele, watu wakapiga makofi. Mama akamshika mdogo wangu mkono. Mkono wake mwingine ulishika mkoba.

"Yaya, mkubwa wangu, unaonaje?" mdogo wangu aliniuliza baadaye, macho yakimeta.

"Mwangaza ni mukali. Utaharibu vitabu."

Akainua macho kuvitazama vioo vya paa. Nilifurahi kidogo, kisha nikaona haya.

Tuliporudi nyumbani nilimkabili mama. "Habari zote zile, mbona mimi hukuniambia?"

Akacheka. "Wewe tuko pamoja kila siku. Mutu wa nyumbani utamuambia nini?"



Mdogo wangu alipokwisha kurudi Kinshasa, nilimpeleka mama maktabani Jumapili moja baada ya misa. Nilifungua mlango mwenyewe, kwa ufunguo wa mtunza vitabu. Nikamwekea kiti juu ya simenti ile, nikakaa chini karibu na miguu yake.

"Sasa na mimi uniambie," nilisema.

Akasugua simenti kwa ncha ya kiatu. Kisha akaniambia kwamba alipokuwa na mimba yangu, msimamizi alikuwa akifukuza wanawake wenye mimba. Wenzake walimhamisha kutoka mlangoni, wakamkalisha katikati yao, wakamfunika tumbo kwa magunia kila bwana yule alipopita. Alichambua hivyo mpaka karibu na kunizaa.

"Hiyo sikumuambia mudogo wako," akaongeza. "Ni yako."

Jioni mdogo wangu alipiga simu. Alikuwa amesikia kwamba tulienda maktabani. "Yaya, mama alikumbuka kitu kingine? Ningependa kukiandika ukutani."

"Hapana," nilimjibu. "Alipumzika tu."