Nyungu ya Bibi kule Goba

Juzi binti yangu alinipeleka Kawe, kwenye hoteli moja wanakouza mvuke. Unavikwa taulo, unafungiwa kwenye chumba cha mbao, unatoka jasho, eti unapumzika. Joto liliponipanda kifuani nikaugonga mlango nifunguliwe. Wenzangu mle ndani walicheka. Wewe ngoja nikueleze kwanza, ndipo ucheke.

Nilikuwa mdogo, kifua kinanibana, nikapelekwa nikapumzike kwa bibi mzaa mama. Goba ya enzi hizo ilikuwa vilima, mikorosho na nyumba moja moja. Asubuhi nilikula mihogo ya nazi, mchana nililala barazani nikisikiliza tindo ya mjomba ikigonga mpingo uani. Jioni Bibi alichemsha chungu cha majani ya mwarobaini na mchaichai, akaniinamisha juu yake na kunigubika blanketi zito. Hiyo ndiyo nyungu. Na mwiko wake ni mmoja: aliyegubikwa hafunuliwi kabla ya wakati, upepo usije ukamwingia.

Raha tupu, kama si hofu. Miaka ile ya Ujamaa, mtu wa mjini asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa akapelekwa kijijini kulima, na kuchonga vinyago nyumbani, kama mjomba, hakukuhesabiwa kazi. Kila mbwa alipobweka tindo ilinyamaza.

Jioni moja nikiwa nimeshagubikwa, mbwa akabweka. Blanketi likainuka kidogo, mjomba akajipenyeza, akapiga magoti, chungu kikawa katikati yetu. Kisha nikasikia viatu vya mgambo.

Alimwamkia Bibi kwa adabu, akauliza kijana wake yuko wapi. Bibi akajibu hamwoni, hapa ana mgonjwa.

"Mgonjwa gani mpana hivyo? Hebu mfunue."

"Mfunue wewe," Bibi alisema taratibu. "Upepo ukimwingia, utakuja kuzika."

Kikohozi kilinijia, nikang'ata blanketi. Niliogopa mpaka nikajikojolea. Lakini mgambo naye alikuwa amekuzwa na nyungu kama sisi. Aliguna, akaenda zake.

Nikadhani yameisha. Kesho yake mjomba akafunga tindo zake kwenye kitenge, akasema anakwenda kujipeleka mwenyewe. Bibi alimshika shati, akamsihi abaki, watamficha tena.

"Hapana, mama. Jana mkono wako ulikuwa begani kwangu, juu ya blanketi. Ulivyokuwa unatetemeka, sitaki nikutie tena kwenye hofu ile."

Mjomba alizeekea huko kijijini, na Bibi alifariki hajamtia machoni tena. Goba siku hizi ni kuta na mageti, hata nyumba ilipokuwa sipajui. Ninachokijua ni kwamba jioni ile mkono wa pili wa Bibi ulikuwa begani kwangu, na huo haukutetemeka hata kidogo. Nadhani lililotetemeka ni bega la mjomba.