Tundu la Ishirini na Nne

Chuoni walimwita Mzee Waya, ingawa mvi zake zilikuwa za kuhesabika. Kwa miaka kumi na saba aliuvuta kila waya wa mtandao wa jengo lile kwa mikono yake, na kiti cha mkuu wa kitengo, aliyekuwa anastaafu mwisho wa mwezi, alishakikalia kichwani. Kisha akaajiriwa Chapchap, binti wa miaka ishirini na sita, na usingizi wa Mzee Waya ukaota mbawa.

Ilikuwa roho ya kwanini, tuseme ukweli. Wiki ya kwanza tu binti alizipitia swichi zote, yale masanduku yanayogawa mtandao, akaziwekea ulinzi: tundu la kuchomekea kompyuta likisikia swichi nyingine imechomekwa, linajifunga lenyewe papo hapo. Maana waya mmoja ukichomekwa vibaya, ncha zote mbili mahali pamoja, ujumbe huzunguka bila kituo mpaka mtandao mzima unakabwa koo. Kompyuta nazo zikaacha kusubiri mtandao nusu dakika kila zikiwashwa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" alishangilia karani wa masjala, mbele ya Mzee Waya, bila haya. Mwenyeji mwenyewe hakupona, alizidi kuumwa.

Asubuhi moja akamsikia mkuu akicheka na Chapchap kwenye korido. Donge likampanda. Ili asisikie, akaanza kupanga meza yake kwa hasira, akitupa hiki, akikunja kile. Ncha ya waya ilikuwa inaning'inia karibu na kiswichi chake kidogo cha chini ya meza. Akaichomeka kwenye tundu lililokuwa tupu. Hakuufuata waya ule ulikotoka, kumbe ncha yake ya pili ilikuwa kwenye kiswichi hicho hicho. Hata mwanafunzi wa juzi angeufuata.

Dakika haikuisha, jengo zima likapiga kelele: mtandao hakuna! Mzee Waya nusura acheke. Akakimbia hadi chumba cha mitambo, mkuu akiwa nyuma yake.

"Si nilisema mimi? Ulinzi wenyewe ndio huo!" Mzee Waya alimwambia mkuu.

Chapchap alikuwa tayari mbele ya swichi kuu. Akachomoa waya mmoja, na taa zilizokuwa zikimeta kama zimepagawa zikatulia.

"Kosa langu, mkuu," alisema. "Kuna tundu moja sikuliwekea ulinzi."

"Moja kati ya mia mbili? Kwa nini?"

"Nilidhani halihitaji."

Mkuu akatikisa kichwa, akarudi ofisini kwake. Mzee Waya akausoma mwandiko wake mwenyewe kwenye lebo ya waya ule: ishirini na nne, meza yake. Akinyamaza tu, kiti ni chake.

"Kwa nini uliliacha?" aliuliza.

"Niliona aibu, kaka. Nimlinde aliyevuta waya wote huu, asije akakosea?"



"Liwekee," alisema Mzee Waya, kisha akaenda kuugonga mlango wa mkuu. Na njiani, Mungu amsamehe, bado alikuwa anamwonea wivu: hata kosa la binti yule lilikuwa zuri kuliko lake.