Nilivyoingia Tabora Mara Mbili

Niliacha kusafiri nikiwa na umri wa miaka arobaini na miwili, na aliyeniachisha ni goti. Kwa miaka ishirini nilikuwa karani wa kambi ya wapima barabara. Niliandika vipimo, nikahesabu mahema, na kila nilipoanza kumjua jirani yangu kwa jina, Bwana Mpimaji alisema kambi ihame. Nilinung'unika kila mara, na kila mara nilikuwa wa kwanza kufunga mizigo. Goti lilipokataa kupanda lori nilipewa barua nzuri ya kuniaga, nami nikawatangazia rafiki zangu wa Dar es Salaam kwamba sasa nakwenda kutulia. Nilipotaja Tabora walicheka. Mtu anayetaka kutulia, walisema, hapandi gari moshi kutwa kucha.

Lakini Tabora ndiko alikotoka baba. Aliondoka huko kijana, na mzigo wa pembe begani, katika misafara ya mwisho mwisho kabla reli haijawanyang'anya wapagazi kazi. Alifika pwani, akamwoa mama yangu, Mzaramo, akaahidi kurudi kwao baada ya mvua. Bahati mbaya pwani kuna mvua za vuli na za masika, kwa hiyo kila mwaka baba alikuwa na visingizio viwili. Alikufa akiwa bado anaahidi.

Huko nyuma alimwacha dada mmoja. Nilitaka jambo moja tu: huyo dada anitazame aseme, huyu ni wetu. Bila neno lake ningekuwa mstaafu mwingine aliyepanga chumba mtaa wa Gongoni mjini Tabora, anayesimulia safari zake kwa watu wenye haraka.

Tabora aliyonisimulia baba ilikuwa asali, maziwa, kivuli na maji. Niliteremka stesheni mwisho wa kiangazi, saa nne asubuhi, nikakuta jangwa lililojengewa stesheni. Upepo ulibeba mchanga kana kwamba umeajiriwa. Miembe ilikuwapo, ni kweli, ila majani yake yalikuwa na rangi ya matofali. Mbuzi mmoja alikuwa akila gazeti kwa makini kuliko wasomaji wengi ninaowajua. Nikajisemea kwamba baba alikuwa ama mshairi ama mwongo. Nikakumbuka pia kwamba alisimulia akiwa mbali, na kwa mbali mimi mwenyewe nimewahi kuisifu Kilosa.

Mchukuzi wa stesheni, mtu wa rika langu, aliniuliza naelekea wapi. Nikajibu, na lafudhi ikanisaliti.

"Ehee! Mzaramo!" akapiga kelele kama aliyepata mbuzi wake aliyepotea. Akanivua kofia, akaivaa yeye, akaketi juu ya sanduku langu. "Nani kakufungulia kamba? Nazi zimewaishia, sasa mnafuata chakula kwa wanaume?"

Asiyejua angemwita askari. Lakini Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu siku za misafara. Mpagazi aliyefika pwani amechoka alipokewa kwa matusi na ubwabwa, na matusi hayo hayana kesi. Mimi nilikua katikati ya utani huo na kula pande zote mbili: kwa Wazaramo nilikuwa Mnyamwezi, kwa Wanyamwezi nilikuwa Mzaramo, na sikuwahi kukosa mtu wa kumtukana.

"Nimekuja kuwatazama watu waliokimbia bahari," nikamjibu. "Babu zenu waliiona wakadhani ni nyoka."

"Waliionja wakakuta mmeitia chumvi! Wachoyo nyinyi, hata maji mnaharibu ili mgeni asinywe."

Watu wakacheka. Akajitwika sanduku langu, tukashika njia ya Kwihara, ambako alisema analijua boma la shangazi yangu. Sikumwambia kwamba ni shangazi yangu. Nilimtajia jina la mwenye boma tu, maana utani ulikuwa mtamu na sikutaka kuukata.

Njia nzima ilikuwa hivyo. Kwenye shimo la mchanga, wanawake walikuwa wakichota maji kwa kata, kidogo kidogo, kama watu wanaochota samli. Mmoja aliniuliza kama ni kweli kwetu mwanamume akipanda mnazi huogopa kushuka, akazeekea huko huko. Nikamwambia, "Heri yake, dada, huko juu kuna maji." Wakanipa kata nzima ninywe. Nilijiona nimefika. Miaka ishirini niliingia vijiji vya watu nikiwa na kalamu na kutazamwa kama mtoza kodi. Siku hiyo niliingia na mdomo tu nikapewa maji ya kiangazi.

Ndani ya gari moshi nilikuwa nimejifunza salamu. Nilikuwa nimepanga nivue kofia, niiname, niseme mwangaluka kama baba alivyonifundisha, kisha nijitambulishe taratibu. Kwa Wanyamwezi shangazi si mtu wa mchezo. Ni baba aliyevaa kanga. Unaweza kumtania bibi, unaweza kumtania binamu mpaka mkashikana mashati, lakini dada wa baba humtanii, kama vile usivyoweza kumtania baba mwenyewe.

Hayo yote niliyajua. Tulipoingia uani mchukuzi alinionyesha kwa kidevu: ndiye yule. Mwanamke mdogo, mkavu, ameketi juu ya kigoda, akimenya karanga za mbegu ndani ya ungo. Mwanawe, mtu mzima kunizidi, alikuwa pembeni akisuka kamba.

Shangazi hakuninyanyulia hata macho. "Umeokota nini tena huko stesheni?"

"Mzaramo, mama," akajibu mchukuzi. "Nimemkuta ameanguka kutoka kwenye gari."

"Mrudishe. Yule wa juzi alitumalizia mboga."

Salamu yangu ya gari moshi ilikuwa mdomoni. Lakini mdomo ulikuwa umeshazoea njia nyingine.

"Tulia, bibi kizee," nikasema. "Sikuja kula. Nimesikia umekufa nikaja kuzika, sasa nakuta maiti anamenya karanga!"

Alicheka mpaka ungo ukainama na karanga zikatawanyika. Akajipiga paja. "Maiti! Jamani, huyu ana mdomo! Mpeni maji kabla hajanifukia." Kisha, akijifuta machozi, "Na baba yako nani huko, wewe mchawi?"

Nami nikiwa bado nacheka, nikalitaja jina la baba, na la baba yake.

Kicheko chake kilikatika hapo hapo. Akavuta kanga akajifunika kichwa. Mchukuzi alivua kofia yangu taratibu, akanipa kwa mikono miwili, na adabu ile iliniuma kuliko matusi yake yote.

Mwanawe akaacha kamba. "Mama, mwongo huyo. Mtoto wa mjomba hawezi kukuita maiti."

"Hata mimi nilimwona Mzaramo safi," akasema mchukuzi, kwa majonzi ya mtu aliyenunua jogoo akataga.

Nikainama, nikaanza kuokota karanga zilizotawanyika. Shangazi akasema chini ya kanga, "Na mimi nimesema arudishwe. Nimemfukuza mtoto wa kaka yangu kama mbwa." Akanyoosha mkono kuelekea barabarani. "Hapa hajafika mtu bado. Nenda mpaka njia panda. Kisha uje."

Nikainua macho kumtafuta mchukuzi. Akatikisa kichwa. "Mzaramo nilimbebea kwa utani. Mtoto wa nyumba hii atajibebea mwenyewe."

Basi nikajitwika sanduku, nikachechemea mpaka njia panda. Jua lilikuwa utosini. Kutoka pale barabara moja ilirudi mjini, na jioni kulikuwa na gari la kwenda pwani. Nilijijua. Sijawahi kuwa mahali ambapo kuondoka kulikuwa rahisi vile: mzigo umefungwa, hakuna wa kuniaga, na sababu nzuri kabisa ya kuona aibu kwa mbali maisha yangu yote. Baba angekuwa na mvua ya kusingizia. Mimi nilitazama mbinguni, sikuona hata wingu.

Nikarudi.

Nilivua kofia, nikainama kadiri goti lilivyoruhusu. "Mwangaluka, shangazi." Hiyo ni salamu ya asubuhi, na mchana ulikuwa umeshaingia. Binamu yangu akakohoa. Shangazi hakukohoa.

"Mwangaluka, mwanangu. Umetoka wapi?"

"Pwani."

"Kaka yangu yuko wapi?"

"Alifariki, shangazi. Mwaka wa tano sasa."

Akaokota karanga moja, akaigeuza geuza. "Alikuwa anakuja?"

"Kila mwaka alisema. Baada ya mvua."

"Mvua zipi?" akauliza. Akalia kidogo, bila sauti, kisha akanishika mkono, akanitazama vidole, masikio, na lile goti. "Ni wetu," akamwambia mwanawe. "Baba yake naye alikuwa hajui kunyamaza."

Kulipokucha binamu aliniamsha, akaniwekea jembe mlangoni. Upande wa shamba uliokuwa wa baba haukuwa umeguswa tangu aondoke, na udongo wake ulikuwa mgumu kama barabara nilizokuwa nikiziandikia vipimo. Nilimwendea shangazi nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba hata methali humpa mgeni siku mbili kabla ya kupewa jembe.

"Hizo za wageni," akasema, na kuendelea kumenya karanga.