Boti Niliyoitangaza Kanisani

Naanza kwa kukiri kwamba mwenye makosa ni mimi, si Pasta, si Mama Desire, wala si hiki Kiswahili chetu ambacho baadaye nilikisingizia sana. Nawasimulia kwa sababu nusu yenu mlikuwepo kanisani siku ile na nusu nyingine mlisimuliwa kwa kutiwa chumvi, basi afadhali mkisikie kisa kwa mwenyewe. Mpaka leo nikisimama kwenye ile robot, yaani taa za barabarani, iliyo mbele ya ukumbi wetu wa ibada, taa ikiwa nyekundu naangalia viatu vyangu mpaka iwe kijani, maana sijui nani atakuwa anatoka pale mlangoni.

Mnaonifahamu mnajua nilikotoka. Mimi ni Riziki wa Kalemie, miaka tisa niko Joburg, na katika hiyo miaka nimesuka nywele za watu, nimeuza soksi barabarani, na mwishowe nikawa napiga deki ofisi moja ya Rosebank inayowaandalia matajiri likizo za baharini (yaani unakodi boti nzima, na kapteni wake, na mpishi wake, unazunguka pwani ya Ufaransa na Italia wiki mbili bila kugusa hata kijiko kichafu). Siku moja bosi wangu, mama mmoja wa Kizungu mwenye haraka, alikuwa anagombana kwenye simu na mtu wa bandari ya Nice ambaye hakutaka kabisa kusema Kiingereza, na mimi nikaegemeza mopu ukutani nikamwambia, madam, nipe hiyo simu. Nikaongea Kifaransa changu cha masista wa Kalemie, yule bwana akalainika, nafasi ya boti ikapatikana. Wiki iliyofuata nilikuwa na meza, kiti cha kuzunguka, na koti la bluu nililolitafuta Rosettenville kwenye mitumba mpaka nikalipata linalonikaa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa familia moja ya Sandton. Walitaka waanzie Nice, walale Monako, wateremke taratibu mpaka Sardinia, maua mezani yawe meupe tu, na mbwa wao awe na kitanda chake chumba cha mbele. Niliandika hayo yote kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, na sitawadanganya, nilijiona mtu.

Sasa Jumapili ikafika, na kwetu mnajua mambo ya ushuhuda, ukipata jambo jema usiposimama kulisema watu wataona unamficha Mungu wako. Ningeweza kusema nimepata kazi ya ofisini nikakaa, yakaisha. Lakini nilikuwa nimevaa lile koti la bluu. Nikasimama, nikashika maikrofoni, nikasema, "Bwana asifiwe! Mungu amenitoa kwenye deki, sasa hivi napanga boti za Ulaya! Ile bahari ya Mediterania, mimi ndiye ninayepanga nani apande, alale wapi, na boti itue bandari gani!" Akina mama wakapiga vigelegele mpaka nikashangaa, nikajisemea kumbe watu wananipenda hivi.

Neno lenyewe lililoniponza ndilo hilo, kupanga. Kupanga ni kuandaa, sawa, na kupanga ni kulipia chumba, na hilo sisi wa mtaa wa Berea tunalijua sana maana wote ni wapangaji, hata ninyi mnaojifanya flati ni za kwenu. Lakini kati yetu wakimbizi kuna kupanga kwa tatu, ambako mtu hakusemi kwa sauti: ukisikia fulani "anapanga watu", ujue hapangi viti vya harusi, ujue ni yule anayejua lori lipi, mpaka upi, usiku upi. Mimi mwenyewe nililetwa na mtu wa namna hiyo. Na bado nilisimama madhabahuni nikatangaza kwamba napanga boti za kwenda Ulaya, mbele ya watu mia moja wanaosubiri kitu kama hicho tangu walipofika hapa, wala halikunijia akilini.

Mambo yakaanza kubadilika. Nikawekewa kiti mstari wa mbele. Mama mmoja wa Uvira ambaye hajawahi kunijibu salamu akaniletea parachichi nne zilizoiva vizuri. Kijana mmoja mlinzi wa duka la Diepsloot akaja na picha zake mbili za pasipoti kwenye bahasha, akaniomba nisimsahau, na mimi nikadhani anataka kazi kule kwenye boti, ya kusafisha au kubeba mizigo, nikazipokea nikasema, "Nitakuulizia." Wakaja wengine. Droo yangu ikajaa picha. Sikumuulizia mtu yeyote (ningemuulizia nani, mimi niliyekuwa hata chai ya bosi naogopa kuimwaga?), lakini kusema sina uwezo huo kulinishinda, maana kila picha niliyopokea ilinikuza kidogo, na mtu akishadeki vyoo vya watu miaka mitano, kukuzwa ni kutamu.

Halafu kuna Mama Desire. Huyu ni Mrundi, fundi cherehani, ndiye aliyeshona majoho ya kwaya, na chumba chake na changu vinatenganishwa na ubao tu katika flati ile ile, jiko moja. Mama mpole, wa maneno machache. Mtoto wake mmoja tu, Desire, na kila nikimuuliza alipo alikuwa ananijibu, "Iko kule juu." Na mimi, kwa akili zangu za Joburg, juu ni kaskazini, kaskazini ni Diepsloot, basi miaka miwili nzima nilikuwa naamini Desire yuko Diepsloot anauza kwenye spaza, viduka vile vya mitaani, na hataki tu kuja kumsalimia mama yake. Nilimlaumu moyoni, fikirieni.

Jioni moja nakaanga samaki, kidude cha simu kiko sikioni nasikiliza mambo yangu, Mama Desire akaja akasimama karibu na sinki.

"Riziki mwanangu, ile boti yako iko na nguvu? Haiwezi kuzama?"

"Haizami mama," nikajibu, nageuza samaki. "Ni boti ya maana, ina vyumba vya kulala, ina mabafu."

"Yoo! Mabafu! Na watu habajazwi sana?"

"Hapana mama, wachache tu, wanakaa kwa raha."

Akaanza kufuta sinki ambalo lilikuwa safi. "Sasa Desire nimwambie angoje? Asiende na wengine?"

Nilielewa hivi: Desire anataka kwenda na wenzake kutafuta kibarua mahali, mama yake anaomba nimtafutie kazi kwenye boti. Nikasema, "Mwambie angoje tu mama, nitamuangalizia." Nikarudi kwenye samaki wangu. Maneno hayo niliyasema bila hata kutoa kile kidude sikioni, na yakatoka mdomoni kirahisi kabisa.

Wiki tatu zikapita. Jumapili ya nne, ibada imechangamka, Pasta Elie akaniita mbele. Nikaenda natabasamu, koti la bluu limepigwa pasi. Akaniwekea mkono kichwani, akawaambia watu wanyooshe mikono kwangu, akaanza, "Baba, tunakuletea huyu binti yako! Funga macho ya walinzi wa pwani! Tuliza mawimbi! Boti yake ivuke na watoto wetu ndani, asipotee hata mmoja!"

Nikasema Amina. Ndiyo, nilisema kwanza, mdomo umezoea. Yale maneno, walinzi wa pwani, yalinifikia baadaye, na yalipofika nikafungua macho nikaona watu wanalia, yule mlinzi wa Diepsloot kapiga magoti kabisa, na Mama Desire anakuja mbele ameinua simu juu.

"Pasta, Desire iko kwenye laini," akasema. "Anataka kumshukuru dada. Kule Libya network ni ya shida, asikate."

Libya. Nililisikia hilo neno nikatamani sakafu ya ukumbi ipasuke, na chini yetu, mnakumbuka, kuna duka la matairi, ningeangukia huko nikaridhika.

Pasta akaisogeza simu kwenye maikrofoni. Sauti ya kijana ikajaa ukumbi mzima, tena sauti ya heshima.

"Dada Riziki, asante sana. Mama amenieleza. Wenzangu walipanda Jumanne, ile boti ya mpira, mimi nikakaa kwa sababu yako. Wamefika, wamenipigia wako Italia. Lakini sijuti, mama amesema yako ni nzuri kuliko. Sasa dada, inatoka siku gani?"

Nikasema polepole, "Desire, kuna kosa limetokea."

"Sema kwa nguvu, dada," Pasta akaniambia, "watu wa nyuma habasikii."

Basi nikasema kwa nguvu. Nikasema kwenye maikrofoni, mbele ya kanisa zima, kwamba boti ninayoipanga ni ya matembezi, ya matajiri wa hapa hapa Sandton, wanakwenda kuogelea na kula, kwamba mimi ni karani wa simu tu, sijawahi kuiona hiyo boti hata siku moja, wala hiyo bahari. Mpiga kinanda, ambaye huwa anapiga taratibu wakati wa maombi, aliinua vidole.

Desire akauliza, "Ina nafasi ya watu wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Na hao wanaokwenda?"

"Sita."

"Sita tu?"

Sijui ni nini kilinisukuma kusema kila kitu, labda ni kule kubabaika kwa mtu aliyeshikwa. "Sita," nikasema, "na mbwa."

Watoto wetu waliozaliwa hapa, wale wanaokisikia Kiswahili nusunusu, walidaka neno mbwa wakacheka. Wao tu. Mama zao waliwafinya.

"Na bahari ni hii hii?" akauliza.

"Ni hiyo hiyo."

Tulimsikia anavuta pumzi. Hakunitukana, na ningeshukuru kama angenitukana. "Sawa dada," akasema. "Asante umesema ukweli." Halafu, "Mama, mimi nitaondoka na hawa wa Jumatano." Mama yake akaanza kumpigia kelele kwa Kirundi, lakini laini ilikuwa imeshakatika, na yeye akaendelea kusema na ile simu.

Nilitoka kwa mlango wa pembeni, ule wa jikoni, nikagonga meza ya chai, vikombe vikaanguka viwili vitatu vikavunjika, na hakuna aliyegeuka kuangalia. Nilitembea mpaka nyumbani na lile koti nimelikunja mkononi kwa mvua ndogo, ghorofa zote saba kwa ngazi (lifti yetu mnaijua), na nilipofika chumbani nikakaa kitandani na aibu yangu.

Kesho yake walianza kuja kuchukua picha zao. Hakuna aliyegombana. Yule mlinzi wa Diepsloot alizihesabu zake mbili, akazirudisha kwenye bahasha ile ile, akaniambia, "Sharp, dada," yaani sawa, akashuka ngazi. Niliomba msamaha kwa kila mmoja, na kwa Mama Desire niliomba kupitia ule ubao, kwa sababu mlango hakuufungua. Cherehani yake iliendelea kulia.

Jumatano ikapita. Simu ya Desire imezimwa tangu siku hiyo, na leo ni siku ya kumi na moja. Nimepigia simu bandari zote ninazozijua kwa kazi, na kile Kifaransa changu kilichonipandisha cheo, nikiulizia kijana mmoja Mrundi, na wote wananijibu kwa adabu kwamba hawana habari hizo, je, kuna boti ningependa kuiwekea nafasi?

Nimeapa, na ninyi mnishuhudie: sitasema tena kitu kikubwa kuliko kilichoko mkononi mwangu. Nikiulizwa kazi gani, napokea simu. Nikiombwa jambo nisiloliweza, nitasema siliwezi, hata kama nitarudishwa mstari wa nyuma, hata kama sitaona tena parachichi ya mtu maisha yangu yote. Sitamwambia mtu angoje.

Mama Desire hanisalimii. Lakini aligundua, sijui nani alimwambia, kwamba kila asubuhi ofisini natumiwa hali ya bahari, upepo na mawimbi, kwa ajili ya wateja, na kwamba naweza kuiangalia kwenye simu kabla sijatoka. Basi asubuhi anakuja jikoni wakati nachemsha chai, haniangalii, anauliza neno moja tu, "Leo?" Na mimi namsomea. Mawimbi nusu mita, mama. Mita moja, mama. Anaitikia kwa kichwa anarudi kwenye cherehani yake.

Leo asubuhi kaja, kauliza. Nikaangalia simu, nikaangalia mgongo wake, na uongo ulikuwa umeshanijia ulimini, mwepesi kama ule wa siku ya samaki.

"Mita tatu, mama," nikasema, kama ilivyoandikwa.

Halafu akanipunguzia moto wa chai, ambayo ilikuwa inataka kumwagika, akaingia chumbani kwake, na mpaka natoka kwenda kazini sikuisikia cherehani.