Veneranda na Choo cha Katonga

Msiniambie Veneranda ana kiburi. Mimi Ziada nimeanika naye dagaa hapa Katonga miaka kumi na tisa, namjua. Alikuja kutoka Ilagala mjane, na watoto watatu, na wote wamesoma kwa dagaa. Kwangu hajawahi kuomba hata chumvi.

Kazi yetu ndiyo hii: mitumbwi ikirudi asubuhi, mwanamke anaingia majini mpaka kiunoni na beseni lake, ananunua dagaa wa kuanika, anatoka ameloa chepechepe. Tulikuwa na choo chetu wanawake, chenye chumba cha kubadilishia nguo. Basi Oswald, shemeji yake Veneranda, mwenye mitumbwi mingi kuliko wote hapa, akajaza humo mashine zake za boti na kupiga kufuli. Tukawa tunavulia nguo nyuma ya mitumbwi, vijana wanachungulia wanacheka. Na aliye katika siku zake afanyeje? Nilitamani kumtemea mate!

Veneranda alimfuata mara tatu kwa adabu. Hakusikilizwa. Ndipo alipojiunga na kile chama kidogo kinachotetea haki za wanawake, akachukua fomu ya uenyekiti wa mtaa. Viongozi wa chama kutoka mjini walitaka mkutano wa kampeni ufanyike wakati wa giza, siku zisizo na mwezi. Veneranda alicheka mpaka akashika mbavu.

"Giza watu wanavua usiku, mchana wamelala. Mtawahutubia kunguru? Subirini mbalamwezi."

Maana dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwaka mitumbwi hupumzika. Mbalamwezi ilipofika, wanaume wote walikuwa ufukweni, na mkutano ukafurika. Oswald akasimama.

"Shemeji, na sisi wanaume tuna haki gani kwenye chama chako?"

Wakaangua kicheko.

"Shemeji, wewe ukibanwa unageukia ziwa," Veneranda akamjibu. "Mimi nigeukie wapi?"

Kicheko kikahamia kwetu wanawake. Oswald akafura.

"Basi giza likirudi, dagaa wangu usiwaguse!"

Nikawaza, bila mitumbwi ya Oswald Veneranda angeanika nini? Lakini alisema tu, "Sawa," akaendelea na hotuba.

Siku ya uchaguzi tukashindwa kwa kura kumi na nne. Mimi nililia, sioni haya kusema. Yeye akaniambia, "Kura wamepata, Ziada. Mikono yetu hawajapata."

Giza likarudi. Asubuhi mitumbwi ya Oswald ikaja imejaa, na hakuna mwanamke aliyeingia majini. Asiyemuuzia Veneranda, na sisi hatununui kwake! Tulifudikiza mabeseni tukayakalia. Jua likapanda. Dagaa hawana subira, wasipoanikwa mapema wanaoza. Wavuvi wakajaribu kuanika wenyewe, wakawamwaga marundo marundo kama mchanga wa kujengea. Jamani, tuliwacheka!

Saa nne Oswald akaja jasho likimtoka.

"Haya shemeji, mashine nimetoa. Ufunguo huu hapa. Jioni mtakuwa mnanirudishia."

Nikanyanyuka, nikidhani tumeshinda. Veneranda akanivuta gauni, nikakaa.

"Ufunguo baki nao, na kufuli lako ondoka nalo," akasema. "Sisi tutilie komeo, shemeji. Kwa ndani."

Dagaa wakaanza kunuka, na sisi tukakaa pale pale mpaka fundi seremala Elikana alipogonga msumari wa mwisho wa komeo.